Sufuria za Wifi

Rajabu mwanangu,

Hali yako sikuulizi, maana naisikia. Uko chumba cha pili unakunja mashati na kupiga mluzi, na kila mara unaita, "Mama, pasi iko wapi?" kama vile pasi ya nyumba hii imewahi kuwa na makao mawili. Mimi niko jikoni, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, karatasi nimeiweka juu ya sinia. Barua hii nitaisokomeza kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, pale unapoweka chaja. Najua hutaiona mpaka simu ikuzimikie huko Mombo, gari linaanza kupanda mlima wa Lushoto, huwezi tena kushuka kuja kubishana na mimi. Darasa nililoishia unalijua. Nilipokosea kuandika, cheka, lakini usiache kusoma.

Ya sweta, ya mayai ya stendi, ya kutompa begi mtu usiyemjua akushikie, hayo siandiki. Umeyasikia mpaka masikio yameota sugu. Na ya kazi yako mpya siyajui, miche ya miti na mimi wapi na wapi.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema jana sebuleni.

Shangazi yako Mwanahawa alikuja na bajaji kutoka kwa binti yake Raskazone, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba yako bila kukaribishwa, akavua miwani, akasema, "Ijumaa yule binti wa Kisambaa anayetaka kuolewa na Rajabu ateremke. Tumsilimishe hapahapa, tumpe jina, tule pilau, mambo yaishe. Kaka yangu hakuacha nyumba hii iingiwe na watu wa kanisani." Kana kwamba mimi niliingilia dirishani. Wewe ukaniangalia. Mimi nikaangalia birika. Ukasema, "Sawa, Shangazi. Agnes hana shida. Ni maneno tu. Ya siku moja tu."

Nikammiminia shangazi yako chai mpaka ikamwagikia kwenye kisahani. Ulidhani ni macho yangu mabovu.

Maneno tu! Unajua ni nani anayeweza kuiita shahada maneno tu? Ni mtu ambaye adhana ya Ijumaa inamkuta kwenye kibanda cha mpira, soda mkononi, anasema ngoja kwanza hii kona ipigwe. Baba yako angekusikia asingekupiga, hakuwa mtu wa kupiga. Angekuangalia tu vile alivyokuwa akiwaangalia mafundi wenzake wanaoziba tairi bovu na kuliuza kama jipya. Wewe ulikuwa mdogo, hukuwahi kuangaliwa hivyo. Mimi niliwahi, na nitakwambia lini.

Babu yako mzaa mama alikuwa Mngoni, alikuja kukata mkonge kwenye shamba moja karibu na Mwera. Manamba. Mimi nimezaliwa kambini, nimebatizwa kambini, nikaitwa Perpetua. Baba yako Hamisi alikuwa akija kule na vifaa vyake kutengeneza baiskeli za wakata mkonge. Baiskeli ya baba yangu ikawa inaharibika kila wiki. Nilikuwa natoa upepo mwenyewe.

Tulipotaka kuoana tulikwenda kwa padri, wote wawili. Hamisi alivaa kofia yake ya kiua, akakaa palepale chini ya msalaba, wala hakutoka jasho. Padri akatuambia iko ruhusa, inaombwa kwa askofu. Perpetua abaki na dini yake, Hamisi na yake. Perpetua aahidi atajitahidi watoto wabatizwe, na Hamisi aambiwe mapema asije kusema hakujua. Baba yako akajibu, "Nimesikia, Padri. Hilo la watoto tutabishana, lakini nimesikia." Padri akacheka mpaka akavua miwani. Na huku Mabawa, mtaani kwao Hamisi, sheikh wao alishamwambia kwamba mwanamke wa Kitabu anaolewa na dini yake, hakuna aliyemlazimisha kitu.

Umeona hapo? Mlango wa mbele uko wazi, wa nyuma uko wazi. Mama yako akaenda kupenya kwenye tundu la choo.

Maana Mwanahawa alikuja kunitembelea. Alikuwa msichana mzuri, mweupe, ananukia asumini. Akanishika mikono akasema, "Wifi yangu, padri na sheikh ni wanaume, hawajui nyumba. Utakaa na sisi wanawake. Ukitaka tukupende, sema maneno, tukupe jina, basi. Ni ya siku moja tu." Umelisikia hilo? Maneno yako ya jana hukuyatunga wewe. Yamezaliwa kabla yako, na ni yeye aliyeyazaa.

Nilitaka kupendwa. Msichana wa kambi, miguu imechanwa na miiba ya mkonge, anaitwa wifi yangu na mtu anayenukia asumini! Nikaenda kwao nikasema. Sikuamini hata neno moja, Mungu anisamehe, nilikuwa naangalia mapazia. Vigelegele vikapigwa, nikafungwa mtandio, nikaitwa Mwanaidi. Hamisi hakuambiwa, ilikuwa iwe furaha ya ghafla. Alirudi kutoka kazini mikono imejaa grisi, akakuta watu wanakula.

"Umeamini?" akaniuliza.

"Nimesema."

"Sikukuuliza kama umesema. Umeamini?"

Nikashika upawa nimpakulie chakula. Ndipo akaniangalia lile jicho la tairi bovu.

"Bora ungekuja na rozari yako," akasema. "Mkristo ninayemjua naweza kukaa naye. Mwislamu wa maigizo nitamweka wapi?"

Akaenda kunawa. Hakulirudia tena. Lakini mpaka anakufa aliniita Perpetua, humu ndani, taratibu, na mtaa mzima uliponiita Mwanaidi yeye alikuwa anakohoa. Watu walidhani ana kifua.

Sasa nikueleze nilichokipata kwa kusema. Baada ya fungate wale wale waliopiga vigelegele walikuwa wanasema barazani, "Ulimi tu ndio uliosilimu, tumbo bado ni la kambini." Wakija kwangu hawali. Wanasema wameshiba, wanasema wamefunga sunna, wanasema jino linauma. Sijawahi kuona ukoo wenye meno mabovu kama ule. Siku moja nikamsikia Mwanahawa akimnong'oneza mwenzake, "Zile sufuria zake sijui zimepika nini kule kwao." Sufuria zenyewe nilinunua hapahapa Ngamiani nikiwa na baba yako. Hazijawahi kuliona shamba la mkonge, sembuse nguruwe.

Mtu mwenye akili angewaacha na meno yao. Mimi nikaenda dukani nikanunua sufuria nyingine tatu, zinang'aa, na mifuniko yake. Nikaziweka juu ya kichanja peke yake, nikazifunika kitambaa cheupe. Nikamwambia Mwanahawa, "Wifi, hizi ni zenu. Hakuna kitu kitakachopikwa humu ila chenu." Nilijiona nimefanya jambo kubwa la heshima. Nilimngoja anikumbatie.

Akasimama mlangoni akawaita wenzake. "Njooni muone! Mwenyewe ametenga. Kwani mtu anatenga nini kama hana alichotia kwenye zile nyingine?"

Ndiyo hivyo, mwanangu. Nilinunua ushahidi dhidi yangu mwenyewe, nikaufunika na kitambaa cheupe. Na bado sikuutupa. Nilizisugua zile sufuria kwa mchanga na majivu kila walipokwisha kula, kwa sababu sasa walikuwa wanakula, wee! Kumbe meno yalipona. Baba yako yeye hakuzigusa. Alikula kwenye zile nyeusi, akikwangua ukoko kwa kijiko makusudi, wasikie huko barazani.

Nakuja kwenye linaloniuma. Bibi yako, mama yangu, alikuja kutoka Mwera kuniona ulipozaliwa. Alileta nazi, unga wa muhogo na jogoo amefungwa miguu. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno. Aliingia jikoni, akaangalia kichanja cha kwanza, akaangalia cha pili chenye kitambaa cheupe. Akanyanyua kitambaa kwa vidole viwili. Akauliza, "Za nani hizi?"

Nikasema, "Za mawifi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa furaha, Rajabu, kama mtu anayeonyesha shamba lake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakirudisha kitambaa, akakinyoosha vizuri, akasema, "Na mimi nakula kwenye ipi?"

Niliinama nikachochea moto. Yeye akakubusu kwenye paji la uso, akaniachia jogoo, akarudi Mwera na gari la jioni. Alisema ana nguo ameanika. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na nilikuwa namwendea kwake nikala, lakini kwangu hakutia tena tonge mdomoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameelewa tu, na nilichomwelewesha ni uwongo.

Subiri. Umeita tena. Soksi ziko kwenye kamba, Rajabu, ziko pale tangu juzi.

Usidhani nawachamba wa upande mmoja. Wa kwetu ni haohao, wamebadili sare tu. Mjomba wako Deo, kaka yangu, leo ni mwenyekiti wa jumuiya kule Mwera, anatembea na funguo za kanisa la kigango utadhani Mtakatifu Petro amempa likizo. Zamani kambini, Krismasi ikifika, baba yetu alikuwa akimwita jirani yetu Mzee Bakari aje amchinje kuku. Ndiyo, Mwislamu achinje kuku wa Noeli, ili kambi nzima ile. Hakuna aliyeona ajabu. Sikukuu ambayo jirani hawezi kula, baba alikuwa akisema, hiyo ni njaa iliyopambwa. Mimi nilipoolewa Mabawa, Deo akaanza kufuga nguruwe. Kila Noeli anatualika, anakaanga kitimoto uwanja mzima unanuka, halafu anamwita baba yako kwa sauti, "Karibu Shemeji! Au dini yako inakataza hata kukaa?" Baba yako anakaa. Anakula muhogo wake wa kuchoma na soda, anacheka, anauliza nguruwe alikuwa na uzito gani. Deo akawa anakasirika yeye. Huyo ndiye mlinzi wa imani yetu! Alifuga mnyama kwa ajili ya kumfukuza shemeji, mnyama akaliwa, shemeji hakuondoka. Na mimi alinisema mbele ya mlango wa kanisa, kwamba nisithubutu kuja hata kukaa benchi la nyuma. Padri hakusema hivyo. Aliyesema ni mwenye funguo.

Sijakwambia ya hospitali, nilipolazwa na presha mwaka jana, wewe uko chuoni. Nimelala, nimefumba macho, kumbe niko macho. Deo amesimama kushoto, Mwanahawa kulia, na mimi katikati kama kitoweo.

Deo anasema, "Huyu amebatizwa. Ubatizo haufutiki. Litakalotokea likitokea, tunamchukua Mwera alale karibu na mama yake."

Mwanahawa anasema, "Amesilimu mikononi mwangu. Makaburini kwetu nafasi ipo."

"Mtamzika bila sala zetu?"

"Na nyie mtamzika na sanduku? Mbao zenyewe zimepanda bei."

"Sanda mmeshanunua ninyi?"

"Sanda si kazi, Deo. Sanda ni nusu saa."

Basi nikafumbua macho nikawauliza, "Kuna aliyekuja na uji?"

Mwanangu, Deo aliangalia feni, Mwanahawa akaanza kufuta miwani. Hakuna. Katika watu wawili wanaogombania mwili wangu hakuna aliyeubebea hata kikombe. Uji nilipewa na mama wa kitanda cha jirani, Mlutheri wa Muheza, hata jina langu hakuuliza asije kuliita vibaya. Hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyowaogopa watu wa bure. Nimewaogopa toka nikiwa msichana! Watu ambao dini kwao ni kiti cha mlangoni: hawaingii, na anayetaka kuingia lazima awaruke miguu.

Sasa wewe unataka kumleta Agnes aruke miguu hiyo hiyo. Kwa maneno tu. Ya siku moja tu. Hiyo siku moja mimi ninayo bado, haijachwa.

Leo asubuhi ulipokwenda kuaga rafiki zako, mimi nilijifunga kanga nikaenda kwa sheikh wetu wa mtaa. Nikamsalimu shikamoo, nikamuuliza, "Sheikh, mwanangu anaoa binti Mkatoliki. Ni lazima asilimu?"

Akasema, "Akiamini, karibu sana. Asipoamini, ni mwanamke wa Kitabu, anaoleka. Nani kakwambia lazima?"

"Shangazi yake."

Akakuna ndevu. "Aah. Yule ana madhehebu yake peke yake."

Kutoka hapo nikapanda bajaji mpaka Raskazone. Nusura nimwambie kijana wa bajaji ageuze. Mwanahawa yuko barazani anachambua mchele, mchele wenyewe ndio wa Ijumaa.

"Karibu Mwanaidi. Na jua hili?"

"Jua la Mungu. Mchele huo uurudishe dukani, wifi. Ijumaa hakuna wa kusilimishwa kwangu."

"Nani kasema?"

"Mimi. Na sheikh nimemuuliza, amesema si lazima."

"Sheikh yule mpole mno. Dini ingeachiwa yeye ingekuwa imeshakwisha."

"Ndiyo maana Mungu akakuwahisha wewe."

Ndani kuna mtu alicheka, mjukuu wake nadhani, akazibwa mdomo. Mwanahawa akaweka ungo chini. "Nyumba ile ni ya kaka yangu."

"Ya kaka yako, naam. Aliyekula kwenye sufuria zangu nyeusi mpaka anaingia kaburini. Wewe ulikula kwenye zako za kung'aa. Hebu niambie nani kati yenu alichafuka."

"Leo una mdomo! Kwani leo wewe ni nani? Mwanaidi, au yule wa kambini?"

"Yule wa kambini," nikasema. "Mwanaidi alikuwa mgeni wako, wifi. Ameondoka."

Usinisifu. Nilitoka pale nikaingia bajaji ya mtu mwingine aliyekuwa amekodi, nikashushwa. Na njia nzima nilikuwa nawaza sasa nani atakuja kwenye harusi ya mwanangu, nani atapika, watu watasema nini. Umri huu wote na bado nauliza watu watasema nini. Ni ugonjwa, na dawa yake sijaipata. Nakuonyesha tu kidonda.

Kwa hiyo Ijumaa haipo. Lakini hilo ni la nyumba yangu tu. Wewe na Agnes mna miguu, mnaweza kumfuata Mwanahawa hukohuko Raskazone akawasilimishie mtu huku anachambua mchele. Agnes sijampigia, na namba yake ninayo. Ningempigia ningekuwa Mwanahawa wa pili, tena mimi hata asumini sinukii.

Atakuwa anakungoja stendi utakaposhuka. Jana ulisema hana shida. Ulimuuliza lini? Mimi nilikuwa sebuleni, simu yako ilikuwa mezani, hukuigusa. Muulize. Usimuulize "utasema?" maana atasema, anakupenda, mpumbavu kama mimi. Muulize kama ameamini. Kama ameamini, nitateremka barazani mimi mwenyewe kupiga vigelegele mpaka Sahare wasikie, na jina atajichagulia. Kama hajaamini, nendeni kwa padri wake, ukae chini ya msalaba na kofia yako kama baba yako, usikie yatakayosemwa, kisha nikaha aisome sheikh au msiisome, hilo mtapatana nao. Usiseme "sawa" kwa padri kama ulivyomwambia shangazi yako. Agnes ataambiwa aahidi kuhusu watoto, na hiyo si ahadi ndogo. Huku nako watakuuliza madrasa. Hapo ndipo penye shughuli, Rajabu, siyo kwenye pilau. Mimi na baba yako tulisema tutabishana, na hatukubishana kamwe. Nilikuwa nimeshajiita Mwanaidi, ningebishana kwa mdomo gani? Nilikupeleka madrasa mwenyewe, nimekushika mkono, na sijutii madrasa, ilikufundisha adabu. Najutia kwamba baba yako aliungoja ubishi wangu miaka yote na haukufika. Alikuwa anautaka. Aliniambia siku zake za mwisho, "Perpetua, nilioa mtu, wakaniletea mwangwi."

Bishaneni. Mlango umefungwa, mko wawili, hakuna shangazi, hakuna mjomba. Mkishindwana kabisa, mwachane mkiwa na majina yenu. Hilo nalo linauma, sikudanganyi, lakini linapona.

Na mimi Jumapili nitakwenda misa. Nilikwenda kwa padri nilipotoka hospitali, akaniambia mlango haukufungwa, njoo tuzungumze. Nikamwambia nitakuja, sikwenda. Niliogopa wanawake wa benchi la mbele kuliko nilivyomwogopa Mungu. Nitakwenda mchana kweupe, na kanga ya mwisho aliyoninunulia baba yako, na anayetaka kutazama atazame. Wa Mabawa watatazama kutoka, wa kanisani watatazama kuingia. Watapata kazi, maskini, hawana nyingine.

Ukifungua begi kubwa utakuta nimekufungia sufuria ndani ya kanga. Ni ile nyeusi ya baba yako, ukingo umepinda kidogo, ukoko wake ni mtamu kuliko wali. Zile tatu za kung'aa jana usiku ulipolala nilimpa muuza uji wa stendi. Amefurahi, hajui lolote.

Nimekutilia moja tu. Wakija ndugu wa Agnes, mpike humo. Akija Mwanahawa, na atakuja, hawezi kukaa, mpike humohumo. Jino likimuuma, mpe maji. Agnes akikuuliza ya wageni iko wapi, mwambie mama hakutia.

Mimi mama yako,
Perpetua